Friji Iliyovishwa Koti

Umeme ulikatika katikati ya mshono. Fundi cherehani aliachia kitambaa, akafumba macho. Hakuwa na haja ya kuuliza. Uniti zimekwisha tena!

"Hicho cherehani chako!" mume wake alifoka kutoka jikoni. "Kinafakamia umeme. Nimeshasema, Jumamosi mnunuzi anakuja kukichukua."

"Na sare za shule nitazishona kwa meno?"

Kwa mume, mwenye kelele ndiye mwenye kosa. Taa alikwisha kuzizima zote. Watu wanajikwaa ndani ya nyumba yao wenyewe, na uniti bado zinayeyuka. Inachosha jamani.

Mke akamwita jirani yao, mwanamke anayetengeneza mafriji. Mtaa mzima humwita Bi Spana.

"Shemeji, umepima?" Bi Spana alimuuliza mume.

"Nipime nini? Nakisikia kwa masikio yangu."

"Masikio hayapimi umeme."

Waliongeza uniti. Bi Spana akachomoa kila kitu, akawaonyesha kitaa chekundu kwenye mita. "Kikipepesa haraka, umeme unaliwa haraka."

Akachomeka pasi. Kitaa kikapepesa mbio mbio. Akachomoa pasi, akachomeka cherehani. Mke akashona. Kitaa kikapepesa polepole, mpaka mume akapiga mwayo.

"Umeona?" mke alisema. "Umekisingizia bure!"

Ikaja zamu ya friji. Kitaa kikapepesa polepole tena.

"Basi hata hii haina neno," mume alisema.

"Ngoja kwanza."

Wakangoja. Wakazungumza mpaka maneno yakawaishia. Friji ilinguruma tu.

"Hii hainyamazi?" Bi Spana aliuliza.

"Haijawahi. Usiku kucha ni hivyo hivyo."

"Friji nzima hufanya kazi, kisha hupumzika. Cherehani kinalala ukilala. Hii hailali, inakula mchana na usiku."

Akachungulia nyuma. Friji ilikuwa imevishwa kitambaa kinene chenye marinda, ubavuni na mgongoni, tena imebanwa ukutani.

"Nani ameivisha koti?"

Mume akatazama dari. Mke akagusa marinda ya kitambaa.

"Mimi. Nilitaka ipendeze, isiingie vumbi."

"Dada yangu! Friji hutoa joto nyuma na ubavuni. Umeliziba, ndiyo maana inahema."

Mke alilivua lile koti kwa hasira. Alimkasirikia mumewe, lakini alijikasirikia mwenyewe zaidi. Wakaivuta friji, ikaachana na ukuta kwa shubiri moja.

"Na wewe shemeji usicheke," Bi Spana alisema. "Nani anaingiza sufuria ya moto humu? Nani anafungua mlango na kusimama hapo akitafakari?"

Mume akaacha kucheka.

"Pasi nayo, kusanya nguo nyingi uzipige kwa pamoja, kisha uichomoe. Halafu someni namba ya mita asubuhi na jioni. Msibishane, someni."

Wakasoma. Siku baada ya siku, uniti zilipungua polepole kuliko zamani. Friji ilianza kunyamaza, na taa zikawashwa tena, watu wakaona wanapokanyaga.

Jumamosi mnunuzi alibisha hodi. Mume alimpokea mlangoni.

"Samahani ndugu yangu, nimekusumbua. Hakiuzwi."

Akageuka, akamwambia mkewe kwa sauti ya chini, "Nimekukosea, mke wangu."

"Sema kwa nguvu," mke alijibu, mguu ukiwa tayari kwenye pedali. "Cherehani nacho kisikie."