Chuma Kiligongwa Mara Arobaini

Jioni ile nilitoka kwenda kugonga chuma nikiwa na hasira zangu, na hasira zenyewe zilikuwa za karatasi.

Hapa kwetu kuna kipande cha reli kinachoning'inia kwenye nguzo mbele ya stesheni. Jua likishazama, kinagongwa mara moja kwa kila mtu aliyepo nyumbani siku hiyo. Aliyesafiri hagongewi. Desturi hii waliianzisha watu wa gengi, wale wa kutengeneza njia ya reli. Asubuhi mnyapara aligonga idadi ya waliotoka, jioni idadi ya waliorudi, na mpaka hesabu ilingane hakuna aliyeruhusiwa kwenda kuoga. Baadaye wake na watoto nao wakataka kugongewa. Enzi za injini za mvuke tulikuwa mia tatu na ushee, mgongaji akilazimika kubadilisha mkono katikati. Kisha zikaja injini zisizohitaji maji, karakana ikahamishwa, na watu wakaifuata. Nyumba walizoziacha wanakaa popo.

Sasa tulikuwa thelathini na tisa.

Na ofisi kuu, sijui walikula nini siku hiyo, wakaamua kwamba kituo chenye watu pungufu ya arobaini treni isisimame. Mtu mmoja tu alitupungukia. Mama yangu figo zimechoka, anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hospitali iko stesheni ya nne kutoka hapa. Barabara hakuna. Mimi ndiye karani wa stesheni, kwa hiyo niliwaandikia barua mbili kuwaeleza habari za mama. Wakanijibu kwa fomu ya kuorodhesha wakazi.

Basi nikamwandika mtu wa arobaini. Nilimtoa kwenye daftari kuukuu la gengi, maana alikuwa na tarehe ya kuanza kazi lakini hakuwa na ya kuacha wala ya kufa. Wenzake walimwita Filimbi kwa kuwa alipiga mluzi akifanya kazi. Nilidhani alihamia mjini akasahaulika. Nani angekuja huku porini kumtafuta?

Sikumwambia mtu. Jioni ile nikagonga thelathini na tisa kama kawaida, nikageuka nirudi nyumbani.

Nyuma yangu chuma kikalia.

Mara moja.

Nyundo ilikuwa mkononi mwangu. Upepo haukuwepo... Chuma kilikuwa kinayumba, kinadondosha maji, na mvua tulikuwa hatujaiona miezi minne. Ikanijia harufu ya tope lililooza. Kisha mbali, kule njia inapopinda, nikasikia mluzi. Mfupi. Wa mtu asiye na haraka.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa amekaa kitandani, ameshika magoti yake yanayomsumbua. Aliniuliza nimegonga ngapi. Nilipomjibu, alisema amesikia arobaini, na usiku kucha hakulala.

Siku ya tatu akaja afisa wa kuhakiki. Alipita nyumba kwa nyumba, kalamu sikioni, nami nikimfuata, uongo wangu nimeuandaa: mmoja amesafiri. Haukuhitajika. Jioni, akisubiri treni ya kurudi, aliweka sahihi. Arobaini. Nikamuuliza kama amewaona wote.

"Wote, dada. Yule kaka wa mwisho nimemkuta kwenye kizingiti chenu. Mwambieni abadilishe nguo, amelowa chapachapa."

Nilikimbia nyumbani. Kizingitini palikuwa na dimbwi la maji ya kahawia, na nyayo mbili zilizotazama ndani.

Nikamweleza baba yote. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko dimbwi. Baba ndiye aliyekuwa mnyapara wa mwisho wa gengi. Akaniambia, sauti ikiwa chini ili mama asisikie chumbani, kwamba siku moja ya mvua kubwa walitoka kumi wakarudi tisa. Walisubiri saa nzima chini ya chuma, wanatetemeka, Filimbi haonekani.

"Nikagonga kumi," akasema. "Watu walitaka kwenda kuoga. Asubuhi kalavati la kwenye kona, lile la maji chini ya reli alilokuwa akizibua, lilikuwa limejaa mchanga mpaka juu. Ningeanzaje kumwandika amekufa, wakati mimi mwenyewe nimegonga kwamba amerudi?"

Nilimkasirikia baba. Nikaandika barua ofisi kuu mtu huyo afutwe. Wakanijibu kwamba mkazi aliyehakikiwa hafutwi bila cheti cha kifo. Nikapanda treni kwenda kwa watu wa vyeti. Wakaniambia cheti hakitoki bila maiti. Nikauliza, na kama maiti anapita mlangoni kwangu? Karani akaniomba nimpishe mtu wa nyuma yangu.

Na kila jioni maji yalisogea. Kizingitini. Sebuleni. Mlangoni kwa mama...

Siku ya nane mama, asiyejua lolote, akaniuliza ni nani yule anayesimama miguuni pake akichuruzika maji, na kwa nini hatumpi taulo.

Mchana huohuo baba akachukua koleo. Alisema atakwenda kumfukua Filimbi, azikwe, apate cheti chake. Nikamkumbusha kwamba tutarudi kuwa thelathini na tisa na treni ya mama itapita bila kusimama. Akasema mama tutamsukuma juu ya reli kwa toroli la gengi, hata kama itachukua siku nzima. Nilitaka kwenda naye, akakataa. Yeye ndiye aliyemwacha, akasema. Akaondoka akichechemea juu ya mataruma ya reli, akapotelea kwenye kona.

Jua likazama. Baba hajarudi.

Nilisimama chini ya chuma na nyundo yangu. Watu walikuwa wamekaa milangoni wakisubiri kugongewa. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu, lakini kule kwenye kona nilisikia maji yakienda kwa nguvu. Kisha kokoto zikalia. Hatua za mtu mmoja. Zikasimama mahali giza lilipoanzia.

"Gonga, mwanangu. Tumerudi wote."

Sauti ilikuwa ya baba. Lakini baba hajawahi kuniita mwanangu. Huniita mama, maana nina jina la mama yake mzazi.

Nikauliza yuko na nani. Tope likanuka.

"Gonga. Tunataka kwenda kuoga."

Nikaanza. Nilipofika thelathini na nane mkono ukagoma. Nikiishia hapo, nimemwacha baba nje kwa mkono wangu mwenyewe. Nikiendelea, sijui namkaribisha nani. Ndani mama alikohoa, na kesho ilikuwa siku yake ya hospitali. Hapo ndipo nilipomwelewa baba na saa yake ile ya mvua, na kumwelewa kukanikasirisha zaidi.

Nikagonga thelathini na tisa.

Nikagonga arobaini.

Akapita mbele yangu, amelowa, akaingia ndani, akaenda kuoga.

Treni inasimama. Mama anakwenda hospitali na rangi yake imeanza kurudi. Anasema baba amekuwa mpole siku hizi, hata magoti hayamuumi. Sakafu imekauka. Asubuhi, akinyoa ndevu, baba anapiga mluzi, na kwa miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kuuweza. Kila jioni nagonga arobaini, na kila nikihesabu nyuso napata thelathini na tisa.

Koleo halikurudi. Nimeshaazima la jirani, liko nyuma ya mlango wa ofisi. Kesho, nikishampandisha mama kwenye treni, nitakwenda kwenye kalavati nichimbe nijue ni nani aliyebaki mle. Wiki iliyopita pia nilisema hivyohivyo.