Maua Kwenye Mifuko ya Sare

Mama alikuwa ameshavuka barabara, mkoba begani, lakini maagizo yake bado yalikuwa yanarudi nyumbani.

"Vifungo na pasi tu, Chiriku! Umenisikia?"

"Nimesikia, mama! Msalimie bibi!"

Basi likamchukua. Bibi alikuwa amevunjika mguu, na mama, fundi cherehani, alikwenda kumuuguza kwa siku tatu. Binti yake wa miaka kumi na mitatu, aliyeitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alibaki na shangazi. Chumba cha mbele, ndicho kiwanda cha mama, kilijaa mashati meupe thelathini ya shule. Yalibaki kutiwa vifungo na kupigwa pasi tu. Shule ile haikuwahi kumpa mama kazi kabla ya hapo. Ikiridhika Jumatatu, ingempa sare za wanafunzi wote; isiporidhika, dawa za bibi na kodi ya chumba vingetoka wapi?

Ijumaa jioni vifungo vyote vilikuwa vimeshonwa. Chiriku akayatazama mashati. Weupe mtupu, kama chumvi! Naye alipenda kudarizi kuliko kula. Akachukua uzi mwekundu, akatia ua dogo kwenye mfuko mmoja. Likapendeza. Akatia la pili. Kufikia Jumamosi mchana, mashati kumi na mawili yalikuwa na maua, na yote ameyanyunyizia maji na kuyapiga pasi.

Shangazi akaingia na beseni la nguo.

"Ala! Mama yako alisema udarizi?"

"Hakukataza."

"Hakukataza kuyachoma moto pia! Kipenda roho hula nyama mbichi, mwanangu, lakini hii nyama ni ya wenyewe. Sare ni sare. Watayarudisha."

Chiriku akayakunja mashati. Akafikiri kuyaficha yale kumi na mawili chini kabisa ya rundo. Lakini mwalimu mkuu angefungua rundo, na aibu ingekuwa ya mama.

Jumapili asubuhi mama alipoingia, hakupata hata nafasi ya kutua mkoba.

"Mama, nimeharibu kazi. Nimedarizi mifuko kumi na miwili."

Mama akakaa. Akashika shati moja, akaligeuza. "Mkono wako mzuri," akasema, "lakini umekwenda pasipo pake. Lete wembe."

Walikata nyuzi kwa upande wa ndani, moja moja, wakalowesha matundu ya sindano na kuyasugua kwa kucha mpaka yakafunga. Mifuko miwili ilikataa: uzi mwekundu ulikuwa umechuja rangi kitambaani wakati wa pasi. Wakaibandua, wakashona mipya. Jua lilikuwa linazama walipomaliza.

"Unadhani mimi sipendi maua?" mama akauliza, akinyoosha mgongo. "Zamani nilidarizi mashuka tu, na nikitaka hata sabuni, nilimpigia mtu magoti. Ndipo nikaanza sare. Sare zinalisha nyumba hii na kumtibu bibi yako. Ndizo zinazonipa Jumamosi jioni yangu ya kudarizi nipendavyo, bila kumwomba mtu. Usiyaache maua yako, mwanangu. Yatafutie kitambaa chake na saa yake. Na kesho mashati utayapeleka wewe."

Jumatatu mwalimu mkuu aliyakagua polepole. "Mbona mifuko hii miwili ina kitambaa kipya zaidi?"

"Niliidarizi bila ruhusa, mwalimu. Mama akaibadilisha."

Mwalimu akayarudisha mashati kwenye rundo. "Mwambie mama yako nataka na sketi."

Mguu wa bibi uliunga, ila anachechemea. Shangazi aliolewa mji mwingine. Mama alishona sare za shule ile miaka tisa, mpaka macho yakachoka. Siku hizi Chiriku ana cherehani mbili; asubuhi hushona sare, alasiri hudarizi mashuka ya maharusi. Kodi ya chumba cha mama hulipa yeye.