Hadithi za Mchana

Sokoni Kasulu, kwenye turubai la vitabu vya mtumba, mikono miwili ilishika kitabu kimoja. Mmoja ulikuwa na hina. Wa pili ulikiachia upesi, kwa maana jalada lilikuwa na picha ya jini.

"Mbona umekiacha? Sikuwa nakunyang'anya," alisema Tunu, mtandio wa zambarau ukimteleza begani.

"Mwakeye, dada," kijana alimsalimu kwa Kiha. "Mimi natafuta hesabu za darasa la nne."

"Sura nzuri hivyo, kumbe shida yake hesabu."

Kijana, jina lake Isihaka, alicheka, na kicheko kile ndicho kilichomponza Tunu. Kabla jua halijapanda waligundua kuwa Isihaka ndiye mkutubi mpya wa maktaba ya watoto, kule kule Tunu alikokuwa akifanya kazi.

Uongozi ulitaka ufaulu, basi wakagawana: asubuhi Isihaka awapitishe watoto kwenye mazoezi ya mitihani, mchana Tunu awasomee hadithi mkekani, za kufurahisha tu, bila maswali. Mapenzi nayo hayakungoja kugawiwa. Wakawa wanakula mihogo ya kukaanga sahani moja, na jioni simu haziishi.

"Mkutubi wangu, umelala?"

"Nitalalaje, na wewe hunipi nafasi?"

Lakini kila Tunu alipofungua hadithi mchana, Isihaka alitoka nje, shati jeupe limemganda kwa jasho. Akirudi, aliitazama kwanza kona ya nyuma ya chumba, kisha ndipo amtazame mpenzi wake.

Siku moja Tunu alikuta kabati la hadithi limetiwa kufuli.

"Watoto wana mitihani," alisema Isihaka, macho chini.

"Mtoto asiyependa kusoma utampa mtihani wa nini? Kumbe siku zote unaona kazi yangu ni mchezo."

"Mpenzi, wasomee jioni basi."

"Jioni wako makwao. Nipe ufunguo, na usinipigie tena."

Akampa. Haikupita muda akaomba uhamisho, akaenda Kibondo. Tunu alilia, tusidanganyane, ila alilia akishajifungia chumbani.

Maktaba ya Kibondo ilikuwa mazoezi matupu. Watoto waliletwa na mwalimu, wakainamia karatasi, wakaondoka. Hakuna aliyerudi kwa hiari yake. Mchana chumba kilipobaki kitupu, Isihaka alisikia sauti ya marehemu mama yake ikisimulia, kama zamani shambani Heru Juu. Alivumilia mpaka akashindwa, akapiga simu.

"Tunu, usikate. Nilipokuwa mdogo nilimlilia mama anisimulie hadithi tukipalilia mihogo, jua la utosi. Wazee wetu wanakataza. Hadithi ni za usiku, anayesimulia mchana anajiitia kifo. Mama akanihurumia, akasimulia. Kabla ya Ijumaa tukamzika. Bibi akaniambia nimemuua mimi."

"Ndiyo maana ukafunga kabati?"

"Kila ukisoma namwona mama amekaa nyuma ya watoto, anakungoja. Niliogopa kukuzika."

"Ukaniacha niamini unanidharau."

"Niliona bora udharauliwe, uishi."

Moyo ulimuuma Tunu kwa huruma, na hasira zikabaki palepale. "Sitaacha kusoma, Isihaka. Hata kwa ajili yako."

"Najua."

Adhuhuri ya siku iliyofuata, watoto wamejaa mkekani na madirisha yako wazi, Isihaka aliingia na vumbi la njia ya Kibondo kwenye kanzu. Alikitoa kitabu mikononi mwa Tunu taratibu.

"Leo nasoma mimi. Kama kuna wa kuitwa, niitwe mimi."

Akaanza kusoma. Alipoinua macho, mama alikuwepo konani, kanga kichwani, na udongo wa shamba miguuni. Isihaka aliendelea. Watoto walicheka mahali pa kucheka, na yule mama akacheka nao. Kitabu kikaisha.

"Bado upo," alinong'ona Tunu.

"Bado."

"Basi ukiamka salama kesho, mwambie baba yako atume mshenga."

"Na nisipoamka?"

"Nitakuja kukusomea kaburini. Mchana kweupe."

Watoto walikuwa wanadai nyingine. Isihaka akajifuta jasho, akachukua kitabu cha pili, akafungua ukurasa wa kwanza.