Tawi la Mdimu wa Mama Mkwe

Mtaa wa Iftin mjini Garissa huamka mapema, kabla jua halijawa kali. Rage naye huamka mapema, ingawa siku hizi hana mifugo ya kupeleka malishoni. Ukame ulimaliza ng'ombe na ngamia wake kule kwao Bute. Alibakiwa na beberu mmoja mwekundu, tena mkaidi. Mtu aliyebakiwa na mnyama mmoja humdekeza, na Rage alimdekeza huyo kupita kiasi.

Rage, mkewe Kaaha, mtoto wao wa kwanza Hani na wadogo zake waliishi katika boma la mama mkwe wake, Bi Abshiro. Jambo hilo lilimwelemea Rage. Kwao mwanamume humpeleka mke kwake. Haji yeye kulala kwa mama mkwe. Lakini shida haichagui mlango. Bi Abshiro aliwapa chumba, wala hakuwasimanga hata siku moja.

Mkwe na mama mkwe waliheshimiana sana. Hawakula sinia moja. Rage akimsalimu aliinamisha macho. Kama kulikuwa na neno, lilipitia kwa Kaaha.

Katikati ya boma palikuwa na mdimu. Bi Abshiro aliupanda mwenyewe. Alikuwa akitawadha pale chini yake, ili maji ya udhu yafike kwenye mizizi. Mwaka huo mti ulichanua sana. Maua meupe yalijaa kila tawi, na vindimu vidogo vilianza kutokeza.

Bi Abshiro alipoondoka kwenda Modogashe kumwona dada yake mgonjwa, alimwambia Kaaha kwa sauti ya kumfikia Rage aliyekuwa nje:

"Mwambie mume wako aniangalizie mdimu wangu."

Hilo ndilo jambo la pekee alilowahi kumwomba.

Asubuhi moja Rage alitaka kwenda kunywa chai na wenzake. Akamfunga beberu kwenye shina la mdimu, penye kivuli. Hakuona kosa. Maisha yake yote alifunga mbuzi kwenye migunga ya nyikani, na mgunga haujali. Lakini mdimu si mgunga.

Aliporudi, beberu alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, anatafuna maua. Kamba ilikuwa imezunguka matawi.

"Warya! We beberu!" Rage alipiga kelele.

Beberu akashtuka, akaruka. Kamba ikavuta. Tawi dogo likavunjika pale pale. Tawi kubwa, lile lenye maua mengi kuliko yote, likapasuka karibu na shina na kuning'inia. Lilishikwa na gome la upande mmoja tu.

Rage alihisi uso unamwaka. Hakutazama tawi kwanza. Alitazama juu ya ua wa boma, aone kama kuna jirani aliyemwona. Aibu ina tabia hiyo. Inakufanya uwahofu watu huku kidonda kinakungoja.

Kisha akakumbuka ujuzi wake. Huko Bute watu walimletea ngamia wenye vidonda, naye aliwachoma kwa chuma cha moto. Basi akawasha makaa, akatia chuma mpaka kikawa chekundu. Akachoma pale palipovunjika tawi dogo. Gome likalia tss! Majani yaliyokuwa karibu yakajikunja na kuwa meusi.

Akarudisha chuma kwenye makaa ili achome na tawi kubwa. Hapo Kaaha akaingia, akitoka sokoni na kibuyu cha maziwa.

"Nini kinanuka?" Kaaha aliuliza. Halafu akaona. "Mdimu wa hooyo, wa mama yangu! Rage, umefanya nini?"

"Natibu."

"Unatibu au unaua? Ngoja nimwite Loise."

Loise alikuwa jirani yao, mtu wa Ukambani. Alifanya kazi kwenye kitalu cha miche karibu na Mto Tana.

"Usimwite mtu!" Rage alisema. "Nitalikata hili tawi nilitupe. Mama akirudi tutasema upepo."

Kaaha akamgeukia mumewe. Hakuwahi kumsikia akipanga uongo.

"Upepo gani unafunga kamba?" alisema. Akaenda kwenye ua wa boma na kuita, "Loise! Walaal, dada yangu, kuja kidogo!"

Rage alitamani ardhi immeze. Loise alikuja, bado ana unga wa chapati mikononi. Alitazama tawi, akatazama chuma kwenye makaa, akatazama beberu. Hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza.

"Baba Hani, hicho chuma ni cha nini?"

"Ni dawa," Rage alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambamo p huwa b na v huwa f, macho chini. "Mimi nachoma kidonda. Ngamia anabona hivyo."

"Ngamia ana damu na ngozi. Mti una maji yanayopita chini ya gome. Ukichoma gome, umefunga njia ya maji. Hapo ulipochoma pamekufa."

Rage akayazima makaa. Loise akakwaruza gome la tawi kubwa kidogo sana kwa ukucha.

"Njoo uone. Ndani ni kijani. Majani bado hayajanyauka. Gome la upande huu bado linashika. Hili tawi linaweza kupona, lakini ni leo, si kesho. Pakikauka hapa palipopasuka, hapatashikana tena."

"Tufanye nini?" Kaaha aliuliza.

Loise akamgeukia Rage. "Baba Hani, mbuzi akifunjika mguu..." Akajishika mdomo, akacheka. "Mnaona? Sasa hata mimi naongea kama nyinyi. Mbuzi akivunjika mguu, unamchoma?"

"La! Huyo nafunga. Naweka fijiti, nafunga na kitambaa."

"Kwa nini?"

"Ili mfuba ikutane na mfuba. Ikicheza-cheza, haishiki."

"Basi tawi nalo ni hivyo hivyo. Gome likutane na gome, na lisichezecheze."

Rage aliinua macho kwa mara ya kwanza. Kazi hiyo aliijua.

Loise alimwelekeza, naye akafanya. Kwanza walitoa vumbi na vipande vilivyolegea. Kaaha akaliinua tawi polepole mpaka mpasuko ukafumba. Rage akaweka vijiti pande mbili. Akakata mpira wa ndani wa baiskeli kuwa ukanda mrefu, akauzungusha kwa nguvu ya kiasi.

"Usiukabe," Loise alisema. "Tawi litanenepa. Kila baada ya muda ulegeze kidogo, ufunge tena."

Chini ya tawi wakasimamisha nguzo yenye panda, ibebe uzito. Lile tawi dogo lililochomwa, Loise alilikata kwa kisu kisafi, karibu na shina, bila kuacha kisiki.

"Nitie oili?" Rage aliuliza. Alikuwa na oili chafu ya lori kwenye mkebe.

"Usitie kitu. Mti utajifunga wenyewe. Na sasa maua."

"Maua nini?"

"Yatoe. Maua yote ya tawi hili, na vindimu vyake vyote. Mgonjwa halei watoto. Tawi haliwezi kubeba matunda na kupona kwa wakati mmoja."

Rage alisimama kama aliyemwagiwa maji baridi. Mpira mweusi angeweza kuufunika kwa majani. Vijiti angesema ni vya kuzuia upepo. Lakini tawi tupu, katika mti uliojaa maua! Bi Abshiro angeliona akiwa bado mlangoni.

"Nikiacha maua?" aliuliza taratibu.

"Kwa siku chache litapendeza. Halafu litakauka lote."

Kaaha akakiondoa kibuyu cha maziwa juani. Alimwachia mumewe aamue.

Rage akanyoosha mkono. Akachuma ua la kwanza, kisha la pili. Harufu yake tamu ilimpanda puani, na machozi yakamlenga. Alichuma mpaka tawi likabaki na majani tu. Chini pakawa peupe.

Kabla ya kuondoka Loise alieleza yaliyobaki. "Mwagieni maji asubuhi na mapema, yaingie chini vizuri, lakini yasituame. Tandazeni nyasi kavu chini, zisiguse shina. Jua likizidi, tundikeni gunia upande huo, tawi lipate kivuli. Mbolea msitie sasa. Na huyu bwana," akamwonyesha beberu, "apate kigingi chake, mbali na hapa."

Siku hiyo hiyo Rage akachimbia kigingi nyuma ya choo. Tangu hapo kila asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye mdimu, kuliko hata alivyokuwa kwa ngamia wake.

Bi Abshiro alirudi siku chache baadaye, mchana, watu wakiwa wamejifungia ndani kwa joto. Alipita mdimu, akaingia chumbani kwake, akashusha pazia. Hakuuliza chochote. Kimya hicho kilimchoma Rage kuliko chuma.

"Nenda ukamwambie," alimnong'oneza Kaaha. "Neno hupitia kwako."

"Heshima hupitia kwangu," Kaaha alijibu. "Kosa peleka mwenyewe."

Rage alikwenda kusimama nje ya pazia. 

"Hooyo," alisema, "uliniomba kitu kimoja, nami nimekiharibu. Nilimfunga beberu kwenye mdimu wako. Amevunja matawi mawili. Moja nikalichoma moto kwa ujinga wangu, likafa. La pili tumelifunga, na maua yake nimeyatoa mimi kwa mkono wangu. Nilitaka kukudanganya kuwa ni upepo. Naona haya."

 Sauti ya Bi Abshiro ikaja kutoka ndani, tulivu.

"Tawi nililiona kabla sijavua viatu. Nilikuwa nangoja kusikia ni mdomo wa nani utaniambia. Ungenyamaza, ningekosa tawi na ningekosa mkwe. Haya, nenda. Kesho asubuhi mdimu unakungoja na maji."

Rage aliondoka akifuta uso kwa ncha ya kikoi.

Mvua za masika zilikuja na kupita. Rage alilegeza mpira na kuufunga tena, mara kadhaa. Siku alipoutoa kabisa, mpasuko haukuwapo. Palikuwa na kivimbe kigumu, kama goti la ngamia. Katika mvua zilizofuata, tawi hilo likachanua, na safari hii vindimu vilikua vikaiva.

Ndimu ya kwanza Bi Abshiro aliichuma mwenyewe. Aliipasua katikati na kuipeleka kwa Kaaha.

"Weka kwenye sinia la mume wako," alisema.

Majirani sasa humletea Rage shida za miti yao. Huyu mpapai wake umeinama, yule mkomamanga wake umekanyagwa na punda. Wakifika, Bi Abshiro huwapitisha kwanza kwenye mdimu. Huwashikisha kile kivimbe na kusema kwa sauti, "Hapa ndipo mbuzi wa mkwe wangu alipomsomesha."

Wageni hucheka. Rage hutazama chini, masikio yakimwaka, na beberu hulia kule nyuma ya choo. Kisha Rage huuliza, "Tawi limefunjika lini?" Wakisema leo, huchukua vijiti na mpira na kuondoka nao papo hapo.