Usizime Televisheni

Jioni ile nilikuwa na kazi ndogo tu: kupeleka sufuria ya posole, supu yetu ya mahindi na nyama, kwa jirani yetu, Mama Librada. Mwaka ule wa korona hivi ndivyo tulivyopelekeana chakula. Unaweka barazani, unagonga, unarudi nyuma hadi kwenye uzio, ndipo mwenye nyumba anafungua. Theluji ilikuwa inaanguka tangu mchana, na mimi nilikuwa nimechoka. Nimechoka na barakoa, nimechoka na baridi, nimechoka zaidi na televisheni ya baba.

Mama Librada alifungua dirisha badala ya mlango. Alimzika mumewe wiki ile ile tuliyomzika mama yangu, Eufelia. Wote wawili walifia hospitali moja kule Albuquerque. Tuliwaaga kwenye kioo cha simu iliyoshikwa na nesi, na hata simu yenyewe ilikuwa inakwamakwama.

"Bersabé, mwanangu, umetia pilipili nyekundu ya kutosha?"

"Ya kukutoa machozi."

"Machozi ninayo, pilipili ndiyo sina." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Leo si tarehe kumi na sita? Wangeanza kuzunguka leo."

Kila mwaka, jioni tisa kabla ya Krismasi, watu wa kijiji chetu hupita mlango kwa mlango wakiimba kuomba malazi, kama Yosefu na Maria. Wa ndani huwajibu kwa kuimba: hapana, nendeni. Hukataa, hukataa tena, na kwenye ubeti wa mwisho hufungua mlango na kuwalisha. Wasipofunguliwa, huenda nyumba inayofuata. Mama ndiye aliyekuwa akiongoza wa nje. Baba ndiye aliyewajibu. Mwaka ule padri alipiga marufuku.

"Nani aimbe na hali hii?" nikasema.

"Jana kuna mtu alikuwa anafanya mazoezi," akanong'ona. "Hukusikia?"

"Nisikie nini, na televisheni ya baba inavyonguruma kutwa kucha?"

Akaniangalia kidogo. "Basi afadhali," akasema, na kufunga dirisha.

Baba yangu, mzee Delfino, alikuwa palepale nilipomwacha. Kitini, sauti ya habari imefika juu kabisa. Tangu mazishi hakuwahi kuizima, hata akilala. Idadi ya waliokufa ilipita chini ya kioo, kisha likaja tangazo la miti ya Krismasi ya plastiki iliyopunguzwa bei. Hicho ndicho kilichokuwa kinanitia wazimu. Wafu, punguzo, wafu, punguzo. Mama yangu alikuwa mmoja wa wale waliohesabiwa, na baba anawatazama huku anatafuna biskuti za mdalasini!

"Baba, punguza sauti."

"Niache."

"Kila siku ni yaleyale! Unasubiri wamtaje jina?"

"Bersabé, nimesema niache."

Nikanyakua rimoti.

"Usizime." Hakufoka. Aliniomba. "Tafadhali, binti yangu, usizime."

Nikazima.

Kimya.

Kuni zikaalika motoni. Kisha... nje ya mlango... mtu akakohoa, akaanza kuimba.

Alianza juu mno. Mama alianza juu mno kila mwaka, na kila mwaka sauti ilimkatikia kwenye mstari wa tatu, tukamcheka. Nikausubiri mstari wa tatu.

Sauti ikakatika.

Hakuna aliyecheka.

Wengine wakampokea. Sauti nyingi, za wazee wengi, zikiimba kwa pumzi fupifupi. Chini ya mlango ikapenya harufu ya dawa ya kuua vijidudu, ile ya korido ambazo hawakuturuhusu kuzikanyaga.

"Ulidhani napenda habari?" baba akanong'ona. "Anakuja tangu tumzike. Alikuwa peke yake, anafanya mazoezi. Leo amekuja na wenzake."

Kisha akafanya kosa ambalo mtu wa kwetu tu angelifanya. Akajibu.

Hawezi kuusikia wimbo ule akanyamaza, mdomo wake umeuzoea tangu ujana. Akaimba kuwa hapa si nyumba ya wageni, waende zao. Wakaomba tena, karibu zaidi. Akakataa tena, machozi yakimtiririka, huku ananyanyuka kitini na kuelekea mlangoni. Kilichobaki kilikuwa ubeti wa kufungua.

Nikamwahi. Nikamziba mdomo kwa kiganja.

"Si yeye, Baba!"

Akauondoa mkono wangu taratibu. "Hospitali walitufungia mlango. Akafa anatuita. Na mimi nimfungie?"

"Nimekwambia si yeye."

"Umejuaje?"

Sikujua. Mpaka leo sijui, na hilo linaniuma na kuniudhi kwa pamoja. Nilimkumbatia kwa nguvu zangu zote, uso wake begani kwangu, asiweze kuimba. Komeo likatikisika mara moja, kwa adabu.

Halafu wakafanya kama wafanyavyo waliokataliwa.

"Mama Librada!" nikasema.

Nikampigia simu. Ikaita, ikaita. Dirishani kwake niliona mwanga wa televisheni ukizimika. Kisha nikamsikia, sauti yake nyembamba, anaimba ubeti wa mwisho. Ule wa karibuni.

Asubuhi nilimkuta Mama Librada kitini kwake, amekufa. Mlango wazi, theluji imeingia hadi kwenye zulia. Sufuria yangu ilikuwa tupu, na vikombe vyote vya nyumba ile, hata vya kabatini, vilikuwa mezani, vimetumika. Waliokuja kumchukua walisema ni korona, wazee huondoka ghafla. Niliwaonyesha nyayo kwenye theluji, kutoka mlango wetu hadi wake. Wakaangalia saa zao.

Hazikuwa nyayo za viatu. Zilikuwa na vidoti vidogo vilivyopangwa kwa mistari.

Soksi za hospitali. Zile zenye mpira chini ili mgonjwa asiteleze. Mama alizikwa nazo, kwa sababu hawakuturuhusu hata kumbadilisha nguo.

Jioni hiyo nilitoka kuchukua kuni. Niliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Baba alikuwa ameizima televisheni mwenyewe. Amevaa shati lake la Krismasi, na kiti amekisogeza hadi mlangoni.

"Baba, washa."

"Nimechoka na hizo habari," akasema. Alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Si ndivyo ulivyotaka?"

Nje, mtu akakohoa. Nyuma yake... sauti nyembamba, ngeni katika kundi lile, ikajaribu noti ya kwanza.

Nilikimbia nikabonyeza kitufe cha televisheni. Mtangazaji akaanza kusoma idadi ya waliokufa siku ile, nikaongeza sauti. Nikaongeza tena, mpaka vyombo vikatetemeka kabatini, kisha nikaegemeza mgongo wangu mlangoni. Zilibaki jioni saba, na rimoti ilikuwa mkononi mwa baba.