Milango Aliyoifunga Sidonie

Rafiki yangu Sidonie hakuwa mwongo, wala hakuwa mtu wa kutishika. Mwaka wa 1953 yeye na mdogo wake Hélène, wachoraji wa kuta kutoka Kibua, waliitwa Masisi kuchora mji unaojengwa, ndani ya ghala jipya lisilo na dirisha hata moja. Walichora barabara na mapaa ya mabati. Kisha Sidonie akaongeza kwa makaa nyumba saba zilizobomolewa ili barabara ipite. Kila mlango aliuchora umefungwa, kama mama yake alivyomfundisha kwa nyumba isiyo na watu.

Msimamizi, Papa Barthélemy, akaja juu. "Futa hizo, mama. Muji iko ya sasa, haiko ya zamani."

"Sifuti kitu. Ulisema tuchore Masisi. Masisi njo hii yote."

Barthélemy akazipaka chokaa mwenyewe.

Kesho yake saa sita mchana, Sidonie aliingia kwenye lile giza na kisu, aikwangue chokaa. Hélène alimfuata na taa. Ukutani kulisikika du, du, du, kama michi inayotwanga sombe, majani ya muhogo. Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na barabara tupu.

"Tutoke, dada."

"Toka wewe. Mimi nitamaliza kazi yangu."

Akakwangua. Michi ikanyamaza ghafla. Nyumba zikatokea, moja baada ya nyingine.

Milango sita ilikuwa wazi. Wa saba ulikuwa umefunguka nusu.