Sare ya Huruma

Ukumbi wa mashindano ya chesi ulifurika watu, na fundi cherehani alipopangiwa kucheza na Bingwa, alijua amekwisha. Yeye alishika mkia kwa alama. Bingwa, daktari wa meno mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi, hakuwa amefungwa na mtu mwaka mzima. Lakini mchezo ukanoga, ukavutana, hata Bingwa akainua macho na kutabasamu.

"Sare?"

"Sare!" fundi akajibu upesi. Walipopeana mikono, hakuna aliyeharakisha kuachia.

Mapenzi yakaanzia hapo.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Na wewe, mng'oa meno, umewaliza wangapi leo?"

Ikawa raha tupu, mpaka fundi alipowasikia wachezaji wakicheka kwenye mlango wa klabu ya chesi: "Sare gani ile? Bingwa alishayapenda macho ya yule dada, akamhurumia mtoto wa watu."

Tangu hapo hakutulia. Akashona mkono wa kulia upande wa kushoto, akafumua, akakosea tena. Akapiga simu.

"Ulinihurumia siku ile?"

Bingwa akakwepa. "Mpenzi, hayo si yamepita?"

"Mimi sare nazishona. Za huruma sizitaki. Usinipigie tena!"

Simu ilipoita, hakupokea. Ilipoacha kuita, akaikasirikia. Usingizi ukamruka, chakula kikamshinda. Mwishowe akapanga ubao juu ya meza ya kukatia vitambaa, akaurudia ule mchezo hatua kwa hatua. Mkono ukamganda juu ya farasi. Angeruka pale tu, mfalme wa Bingwa asingekuwa na pa kukimbilia. Kumbe alikuwa ameshinda!

Akapiga. "Mwizi wewe!"

"Umeiona?" Sauti ilinywea. "Ni farasi. Nilikuwa nimekwisha, nikaomba sare kwa woga. Waliposema nimekuhurumia, nikaona afadhali waseme hivyo."

"Afadhali kwa nani? Uko wapi?"

"Klabuni."

"Weka spika, uwaambie."

Akamsikia akikohoa. "Jamani, nisikilizeni. Siku ile huyu dada alikuwa amenifunga. Niliponea kwenye sare." Klabu nzima ikalipuka kwa vicheko.

Fundi akakaa, machozi yakimtoka huku anacheka.

"Umeridhika?"

"Kidogo."

"Na nikileta posa?"

"Nayo utaileta kwa woga?"

"Natetemeka hapa nilipo."

"Basi lete," akasema. "Na usidhani nitakukubali kwa huruma."